Nafungua kitabu saa 4 usiku, dakika kumi baadaye nakoroma

Shikamoo shangazi,

Mimi ni baba wa watoto wawili, nina miaka 31. Nafanya kazi ghalani, napokea mizigo na kuitoa, na nimejiandikisha mitihani ya uhasibu ili siku moja nitoke stoo nihamie ofisini. Mwaka jana nilifanya mitihani mitatu, nikafaulu miwili. Uhasibu wa gharama ukaniangusha. Narudia huo, na zimebaki wiki saba.

Tatizo langu ni usingizi. Naamka saa 11 alfajiri, saa 12 niko kwenye pikipiki naelekea kazini, narudi saa 1 jioni nikiwa hoi. Nyumba haitulii mpaka watoto walale, kwa hiyo kitabu nakifungua saa 4 usiku. Nimejipangia nisome mpaka saa 8. Shangazi, sifiki. Naegemea mto kitandani, taa ndogo pembeni ili nisimwamshe mama watoto, kalamu ya njano mkononi ya kupaka mistari muhimu. Ukurasa wa kwanza unaenda vizuri. Wa pili nausoma mara tatu. Wa tatu siukumbuki kabisa. Asubuhi nikifungua daftari nakuta sentensi imeanza vizuri, katikati maandishi yanainama, halafu kuna mstari mrefu wa wino unaoteremka mpaka ukingoni mwa karatasi. Hapo ndipo nilipolala. Kitabu chenyewe kimekuwa cha njano chote, maana sijui tena kipi muhimu na kipi si muhimu.

Nimejaribu kila kitu. Kikombe cha kahawa saa 6 usiku. Vinywaji vya kuongeza nguvu. Beseni la maji baridi, natumbukiza miguu. Kujipiga makofi. Muziki kwenye hedifoni. Vinanisaidia kidogo, halafu narudi kulekule. Cha ajabu ni kwamba kahawa inaniacha nasinzia juu ya kitabu, lakini nikikata tamaa nikazima taa, usingizi wenyewe unanikimbia.

Kuna mwenzangu kazini, naye anasoma. Anasema analala kwa saa nne tu kila siku na mitihani anafaulu. Amenipa vidonge vidogo vyeupe vimefungwa kwenye kipande cha karatasi, anasema madereva wa masafa marefu huvitumia, nikimeza kimoja nakesha bila shida. Sijameza bado. Mke wangu amesema nisithubutu, ila naona hajui presha niliyonayo. Juzi nilisinzia kwenye taa za barabarani, nikashtuliwa na honi za walio nyuma yangu, kwa hiyo unaona hata mchana sina nafuu.

Naomba mbinu za kukaa macho mpaka saa 8. Au ni uvivu tu?

Ni mimi,
Msinziaji

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako imejaa kahawa na mabeseni, lakini sentensi iliyonisimamisha ni ile uliyoichomekea karibu na mwisho, ya taa za barabarani. Tuanzie hapo, kwa sababu mtihani hurudiwa. Kilichokupata pale ni kilekile kinachovuta wino wako mpaka ukingoni mwa karatasi: ubongo unazimika kwa sekunde chache bila kukuomba ruhusa, wakati mwingine macho yakiwa wazi. Kitandani hasara yake ni daftari kuchafuka. Kwenye pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa, sekunde 4 ni zaidi ya mita 50 ambazo chombo kimekwenda bila dereva. Safari hiyo ulikuwa umesimama, ukapigiwa honi. Mpaka upate usingizi wa kutosha kwa siku kadhaa mfululizo, panda basi, omba lifti, fanya uwezalo, ila pikipiki iache nyumbani.

Sasa huo uvivu. Piga hesabu, maana hiyo ndiyo kazi unayoisomea. Umeamka saa 11 alfajiri. Unapofungua kitabu saa 4 usiku umeshakaa macho saa 17. Mwaka 1997 watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid, wa Australia, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya jaribio ambalo watu walikeshwa huku wakipimwa jinsi jicho na mkono vinavyoshirikiana, kisha siku nyingine watu walewale wakapewa pombe na kupimwa tena. Baada ya saa 17 za kukaa macho, uwezo wao ulikuwa umeshuka sawa na wa mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 kwenye damu. Katika nchi nyingi, mwenye kiwango hicho haruhusiwi kuendesha gari. Wewe unaanza uhasibu wa gharama ukiwa katika hali hiyo, na umepanga kuendelea saa nne zaidi. Mvivu angekuwa ameshalala tangu saa 3.

Kinachokulaza ni mambo mawili yanayokutana usiku. La kwanza ni adenosini, kemikali inayojikusanya kwenye ubongo tangu unapoamka. Kadiri inavyozidi ndivyo kope zinavyokuwa nzito, na cha kuipunguza ni kulala. La pili ni saa ya mwili, ambayo usiku wa manane hushusha joto la mwili na kuufifisha umakini, hata kwa aliyelala mchana. Wanaofanya kazi za zamu wanazijua saa hizo. Ndizo saa ulizozichagua kwa somo lililokushinda mwaka jana.

Kahawa je? Kafeini haiiondoi adenosini. Ni kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake: mwenye kiti hajaondoka, amesimama palepale anasubiri. Kikombe chako cha saa 6 kinakuta adenosini ya saa 19, nacho kinahitaji kama nusu saa hivi kabla hakijafanya kazi sawasawa. Kwa hiyo hakikupi akili ya kuelewa hesabu. Lakini kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini huchukua takriban saa 5 kutoka mwilini, wengine zaidi. Saa 8 unapozima taa, sehemu kubwa ya kikombe bado imo ndani yako; saa 11 unapoamka, karibu nusu ipo. Hiyo ndiyo ajabu yako uliyoiona: kahawa haikutoshi kusoma, inakutosha kukunyima usingizi. Na vile vinywaji vya kuongeza nguvu ni kafeini hiyohiyo pamoja na sukari. Kopo la mililita 250 kwa kawaida lina kama miligramu 80, na mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilieleza mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 kwa siku. Ukichanganya kopo na vikombe, jumlisha vyote pamoja.

Huyo mwenzako wa saa nne za usingizi simwiti mwongo. Ila mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwalaza watu saa 6 tu kwa usiku, siku 14 mfululizo, na wengine saa 4. Hata wa saa 6 walifikia kufanya makosa kama ya watu waliokesha kabisa. Lililonivutia mimi si makosa yao. Ni kwamba walipoulizwa wanajisikiaje, walijiona wana usingizi kidogo tu. Walikuwa wanazidi kuharibikiwa na wenyewe hawaoni. Kwa hiyo mtu aliyezoea kukesha ndiye shahidi mbaya kuliko wote wa kukuambia kukesha kunamfaa.

Ombi lako la kufika saa 8 basi nakukatalia. Nitakusaidia kufika saa 5 ukiwa macho kweli.

Kwanza toka kitandani. Mwili wako umefundishwa miaka yote kwamba hapo ni pa kulala, nawe unaupelekea kitabu na mto juu yake. Hamia kwenye meza, hata ya jikoni, kiti kisiwe cha kuzama. Washa taa kubwa ya chumba, si ile ndogo ya kuvizia. Mwanga mkali unauambia ubongo bado ni mchana, na mama watoto huko chumbani atalala kwa raha. Simu iache chumba kingine. Ikifika saa 5 kasorobo, punguza mwanga, panga vitu vyako vya kesho, kisha nenda kalale.

Halafu omba nusu saa kwa mkeo. Umesema nyumba haitulii mpaka saa 4, na sioni popote ulipomwambia mwenzako, "Kuanzia saa 3 na nusu nisamehe, watoto ni wako mpaka mtihani upite." Mwambie hivyo, mpe na tarehe ya mwisho, na siku ambazo husomi wewe ndiye uwalaze. Watu huvumilia mengi wakijua yanaisha lini.

Ukirudi saa 1 jioni, kabla ya lolote, jilaze dakika 20 na kengele ukiwa umeitega. Zisizidi 30, maana ukishazama kwenye usingizi mzito utaamka umelewa usingizi na itakuchukua muda kupata fahamu zako. Mtu mwenye deni la usingizi kama lako hatakosa usingizi wa usiku kwa ajili ya dakika hizo. Kahawa kunywa mchana, na ya mwisho isipite saa 9 alasiri.

Sasa lile ambalo naona ndilo kiini cha shida yako, nalo halihusu usingizi sana. Ni ile kalamu ya njano. Kusoma ukurasa na kupaka mistari rangi ni kazi ambayo mtu anaweza kuifanya akiwa nusu amelala, na ndiyo maana unalala. Mikono inafanya kazi, kichwa hakijaulizwa swali lolote. Tena kunakudanganya. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine wakarudia kusoma, wengine wakafunga na kujaribu kuandika walichokumbuka. Dakika 5 baadaye waliorudia kusoma waliongoza. Wiki moja baadaye waliojipima walikuwa wamewaacha mbali, ingawa waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka.

Kwa hiyo usiku usisome. Usiku jibu maswali. Chukua hili: kiwanda kinauza bidhaa moja kwa 500, gharama inayobadilika kwa kila bidhaa ni 300, gharama isiyobadilika kwa mwezi ni 40,000. Ziuzwe bidhaa ngapi ili kisipate faida wala hasara? Funika kitabu, andika kwa mkono wako. Kila bidhaa inabakisha 200 baada ya kulipa gharama yake. 40,000 ukigawa kwa 200 unapata bidhaa 200. Sasa jigeuzie swali: bei ikishuka mpaka 450? Inabaki 150 kwa kila moja, jibu linapanda mpaka 267 baada ya kukadiria kwenda juu, kwa kuwa huuzi theluthi mbili za bidhaa. Eleza kwa sauti, kwa maneno yako, kwa nini kupunguza bei kidogo tu kumeongeza mzigo kiasi hicho. Ukikwama, hapo ndipo ufungue kitabu, usome aya moja unayoihitaji, ufunge tena. Jaribu kusinzia ukiwa unafanya hivyo. Inawezekana, ila ni kazi.

Maswali ya mitihani iliyopita yafanye ya usiku. Mada mpya, zile za kuelewa kwa mara ya kwanza, zipeleke asubuhi ya siku zako za mapumziko, ukiwa umelala vya kutosha. Na mapumziko ya mchana kazini yana faida kuliko unavyodhani: andika kanuni tano kwa kumbukumbu kwenye kipande cha karatasi, linganisha na daftari, rudi kwenye mizigo yako.

Usome usiku nne kwa wiki, si saba. Kuanzia saa 3 na nusu hadi saa 5, ukalala mpaka saa 11, unapata saa 6. Hazitoshi; wataalamu wa usingizi humtakia mtu mzima saa 7 au zaidi, na umeona yaliyowapata wale wa Pennsylvania kwa kulala saa 6 usiku baada ya usiku. Ndiyo sababu zile usiku tatu nyingine uwe kitandani mapema iwezekanavyo, saa 4 ikikukuta umelala. Usizihesabu kuwa umezipoteza. Tangu mwaka 1924, John Jenkins na Karl Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwamba mtu aliyejifunza kitu kisha akalala husahau kidogo kuliko aliyejifunza kisha akakaa macho muda uleule, na utafiti uliofuata umeonyesha kwamba usingizini ubongo huendelea kuyaimarisha yaliyojifunzwa mchana. Ulichokuwa ukikifanya wewe ni kusoma kisha kujinyima hatua ya kuhifadhi.

Usingizi ukikubana katikati ya kazi, simama, tembea chumbani ukijieleza swali kwa sauti, nawa uso, kunywa maji, rudi. Beseni sina ugomvi nalo. Linaamsha miguu kwa dakika chache. Ila kama una kompyuta kwenye chaji hapo mezani, liondoe kabisa, sitaki barua ya pili kutoka kwa mkeo. Kanuni yangu ni hii: ukisoma swali lilelile mara mbili hujui limeuliza nini, na umeshasimama na kutembea, usiku huo umekwisha hata kama ni saa 4 na robo. Funga.

Kuhusu vidonge, mkeo yuko sahihi na wewe unajua, ndiyo maana hujameza. Kidonge kisicho na jina, kwenye kipande cha karatasi, hakuna ajuaye kina nini ndani. Dawa za kukesheza za aina hiyo mara nyingi ni za kuchochea mwili kwa nguvu: mapigo ya moyo yanakwenda mbio, presha ya damu inapanda, na mtu anaweza kuzizoea mpaka asiweze kufanya kazi bila hizo. Wala hazilipi deni la usingizi. Linasubiri zikiisha nguvu, na linaweza kukudai ukiwa barabarani. Mrudishie mwenzako leo. Kama naye anavitumia, mwambie hata hayo ya moyo.

Jambo moja zaidi, umesema unakoroma. Muulize mama watoto kama katikati ya kukoroma pumzi yako hukatika kidogo kisha ukashtuka kama mtu aliyekabwa. Akisema ndiyo, nenda kwa daktari hata kabla ya mtihani, kwa sababu mwenye shida hiyo anaweza kulala kwa muda wa saa 8 akaamka amechoka palepale. Vilevile ukifuata ratiba hii wiki mbili, ukalala vizuri, na bado mchana unasinzia, mwone daktari akupime na damu. Upungufu wa damu nao huchosha hivyohivyo, na hautibiwi kwa ratiba.

Wiki ya mwisho usianze mada mpya. Usiku wa kuamkia mtihani fanya maswali mawili unayoyaweza, mkono uzoee tu, weka kalamu, kikokotoo na kitambulisho mahali pamoja, na saa 3 na nusu uwe umelala. Wenzako watakutumia ujumbe saa 6 usiku wakiuliza kama umepitia sura fulani. Simu iwe imezimwa.

Shangazi